Fundo la Pili

Kwanza walinipa kitabu.
"Soma mstari huu, mama." Nikausoma.
Kisha ubao wa herufi, mwisho wa chumba:
nikazitaja zote, hadi zile ndogo kama sisimizi.
"Macho yako mazima," akasema yule wa Barabara ya Nane,
"ni umri tu. Chukua ya kusomea, elfu kumi na tano."

Lakini mimi sisomi, wala sitazami ukutani.
Kitu changu kiko katikati,
pale mkono unapoishia.

Ningemwelezaje? Bastola haiingii dukani.
Hata hii ya upepo inalala kabatini Maweni,
kwa sahihi mbili na kufuli.
Mimi ni koplo wa Magereza, miaka arobaini na saba,
kumi na mmoja kati yake nimesimama mstari wa mita kumi
nikitoboa karatasi,
na mwaka huu ncha ya mbele imeanza kuota manyoya.

Ncha, nyie msioijua, ni kijino cheusi mwisho wa mtutu.
Nyuma, juu ya kifundo cha mkono, kuna mwanya,
kama ule wa shangazi yangu Mwanamkuu
aliyeolewa kwa sababu yake.
Kijino kikae kati ya mwanya, mwanga sawa huku na huku.
Ndiyo kazi yote.
Pongwe nikapiga saba, sita, saba tena,
na Sajini Shekilindi akaniambia, "Pumzika, mama watoto."

Sikupumzika. Nikamwomba Chausiku wa stoo
anishikie uzi wa katani
toka mfupa wa jicho hadi kwenye ncha,
mimi nimenyoosha mkono, sipumui.
Akafunga fundo hapa, akafunga fundo pale.
Nikaukunja ndani ya pochi, pamoja na nauli.

Saumu Shemhilu ana duka dogo Ngamiani:
feni moja, mashine moja, mwenyewe kavaa miwani minene.
Nikauweka uzi mezani. Hakucheka.
Akaunyoosha kando ya rula. "Sabini na nane."
Akaligusa fundo la pili. "Unataka kuona hapa. Na kule je?"
Kule kuwe na ukungu, nikamwambia, kule nitakisia.
Akanyamaza.
"Hajanijia mtu," akasema, "kuniomba asione mbali."

Akanivika fremu ya majaribio, nzito kama nira,
akabadili lenzi: nusu. Robo tatu. Moja.
Nimesimama katikati ya duka, mkono umenyooka,
kidole gumba kimejifanya ncha;
mteja mmoja akafika mlangoni, akaomba radhi, akarudi nje.
"Moja," nikasema. Kisha, "Hapana, rudi."
Robo tatu: ukucha wangu ukatokea,
na ufa wake, na hina ya harusi ya mpwa wangu
imebaki ukingoni kama mwezi mwandamo.

Akauliza kichwa nakiinamishaje,
akakiweka kitovu cha lenzi juu kidogo, karibu na pua,
maana jicho langu hupita kwenye kona.
La kushoto tukalibandikia karatasi.
Macho hayana pazia, wanasema.
Langu moja sasa linalo.

Jumamosi, Maweni. Ncha ikaja nyeusi,
kingo zake zimekatwa kwa wembe.
Nyuma yake shabaha: doa la chai kwenye kanga.
Ni vigumu kuliamini doa. Mkono unataka kulifuata.
Nikaliacha.
Tisa. Tisa. Saba (hiyo ya kidole, si ya jicho). Kumi.

Nikasahau kuivua. Usiku, kwenye sinia,
Kombo wangu yuko ng'ambo ya wali,
sabini na nane, pungufu kidogo, uzi sikuwa nao.
Nikamwona anachambua miba ya tasi
na kusukuma minofu upande wangu,
bila kutazama, vidole vinajua njia.
Tangu lini?

"Toa hiyo karatasi jichoni," akasema.
"Wali unapoa."